Wazee wangu wawili, kansa ya ini ileile: mmoja yuko hai mwaka wa tano, mwingine kaondoka kwa miezi saba. Kwa nini?

#1 Msafiri wa Kondoa

Wakuu, salaam. Nina swali linaloninyima usingizi tangu tumzike baba mdogo mwezi wa tatu.

Baba yangu mzazi ana kaka mmoja na mdogo mmoja, tumbo moja. Wote wawili wamepata kansa ya ini. Wote walikutwa na virusi vya homa ya ini B. Wamekulia nyumba moja, wamekula ugali wa ghala moja, na hakuna mnywaji kati yao.

Baba mkubwa alikutwa na kivimbe cha sentimita 9. Tulikata tamaa kabla hata hatujatoka chumba cha CT. Wakampasua, wakakata kipande cha ini, na huu ni mwaka wa tano anaswaga ng'ombe wake mwenyewe. Baba mdogo kivimbe chake kilikuwa cha sentimita 3. Tatu tu! Tukashukuru Mungu kwamba kimewahiwa. Akiwa bado anasubiri tarehe, picha ya kifua ikaonyesha vidoa kwenye mapafu yote mawili. Tangu kipimo cha kwanza hadi kaburini ni miezi saba.

Daktari aliniambia sentensi moja huku anaandika kwenye faili: "Vinasaba vilivyoamka kwenye vivimbe vyao havifanani." Kisha akaita mgonjwa mwingine. Vinasaba vinaamkaje? Vilikuwa vimelala wapi? Na hawa si wametoka kwa baba mmoja na mama mmoja?

Msimamo wangu mpaka sasa: ukubwa wa kivimbe hausemi kitu, na sisi ndugu wa wagonjwa tunadanganywa na sentimita. Mwenye ujuzi anisahihishe.

#2 Ngosha Mtulivu

Pole sana mkuu, Mungu amlaze pema mzee. Naweka kambi hapa, wataalamu wakija mniamshe.

#3 Fundi Maabara

Pole mkuu. Nafanya kazi maabara ya patholojia, ngoja nijaribu.

Kwanza tuelewane maneno. Watu wanasema "vinasaba" wakimaanisha DNA yote kwa jumla. Mimi nitasema jeni, yaani kipande kimoja cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza kitu kimoja, mara nyingi protini. Seli ya ini lako na seli ya ngozi yako zina jeni zilezile, kama 20,000 hivi. Kinachozitofautisha ni zipi zinafanya kazi na zipi zimezimwa. Chukulia nyumba ya kupanga ya vyumba kumi. Nyaya zimepita kila chumba, LUKU ni moja, lakini kila mpangaji anawasha taa zake. Ukipita usiku unajua nani yuko macho kwa mwanga wa dirishani.

Kwenye ini mfano mzuri ni huu. Mtoto akiwa tumboni, ini lake linatengeneza protini inayoitwa alfa-fetoprotini, AFP kwa kifupi. Akishazaliwa, jeni ile inazimwa taratibu, na kabla hajafikisha umri wa kuongea inakuwa imelala karibu kabisa. Mwaka 1963 Abelev na wenzake kule Urusi waliikuta kwenye damu ya panya wenye uvimbe wa ini. Mwaka uliofuata Tatarinov akaikuta kwa binadamu mwenye kansa ya ini. Mtu mzima, ini linaanza kutengeneza kitu cha mtoto aliye tumboni! Hiyo ndiyo jeni "iliyoamka" aliyoisema daktari wako. Na haiamki peke yake. Kuna nyingine ya utotoni, glipikani-3, nayo huwa inarudi, na sisi maabara tunaipaka rangi ili kutambua kansa ya ini chini ya hadubini.

Kwa hiyo hata ndugu wa damu, hata mapacha, vivimbe vyao vinaweza kuwasha jeni tofauti kabisa. Kivimbe hakirithi taa zilizowashwa. Kinawasha zake.

#4 Mwalimu Baiolojia

Fundi umeeleza vizuri, ila mfano wa taa unapotosha kidogo. Taa ni kuwaka au kuzima. Jeni ni kama sauti ya redio: inapandishwa na kushushwa. DNA inatoa nakala za RNA, na nakala zikiwa nyingi protini inakuwa nyingi. Jeni inayoitwa MYC ipo kwenye seli nzima pia, haijazimwa. Tatizo linaanza inapofunguliwa mpaka mwisho, seli inasikia "gawanyika, gawanyika" saa zote. Kansa nyingi ni redio za kawaida zilizofunguliwa kupita kiasi, na nyingine zilizotakiwa kusikika zimeshushwa mpaka hazisikiki.

#5 Fundi Maabara

Nakubali, Mwalimu. Redio ni sahihi zaidi. Ila AFP iko karibu na taa kuliko redio.

#6 Mkulima Kibaigwa

Wakuu mnazunguka mbali. Jamaa katoka Kondoa na anasema wamekula ghala moja. Jibu liko ghalani: sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 huku kwetu Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu. Mimi nauza mahindi mwaka wa kumi na nne. Punje ikiwa na ukungu wa kijani kijani hata mtoto anaiona. Hatari ni ile uliyoikausha juu ya udongo, ikanyeshewa mara moja, ukaianika tena ikang'aa. Ukiingiza mkono katikati ya gunia unasikia joto. Hilo joto ndilo linaloniogopesha mimi.

#7 Bint Makueni

Wadau, kwanza poleni na msiba. Kaka Mkulima, sumu ni ileile lakini umechanganya mambo mawili. Sisi Ukambani tulipigwa mwaka 2004: wagonjwa 317, vifo 125. Nilikuwa darasa la sita, jirani zetu walizika watoto wawili wiki moja. Hiyo haikuwa kansa. Ilikuwa sumu nyingi kwa mara moja, macho yanakuwa manjano, ini linakufa ndani ya siku chache. Kansa ni ile sumu kidogo kidogo ya miaka, ambayo haina dalili, haina ladha, na kupika hakuiondoi.

Na kuihusisha na kansa kwa sehemu kubwa kulianzia kwetu. Peers na Linsell walipima chakula cha watu wa Murang'a, wakachapisha mwaka 1973: kadiri unavyoshuka kutoka kwenye baridi ya milimani kwenda chini kwenye joto, sumukuvu kwenye chakula inaongezeka, na kansa ya ini inaongezeka nayo.

#8 Mkulima Kibaigwa

Asante dada, nimesahihishwa. Ila ghala bado nalishtaki.

#9 Fundi Maabara

Lishtaki, una haki. Na sumukuvu ina kitu adimu sana: inaacha alama ya kidole.

Ukiila, ini lenyewe linajaribu kuisafisha, na katika kuisafisha linaigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachong'ang'ania kwenye herufi G ya DNA (DNA imeandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T). Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja na wagonjwa wa Qidong kule China na jingine na wagonjwa wa kusini mwa Afrika, walikuta jambo lilelile: kwenye jeni ya TP53, nafasi ya 249, herufi G imegeuka T. Mahali palepale, mgonjwa baada ya mgonjwa. Nchi ambazo hazina sumukuvu, alama hiyo haionekani kwa wingi huo.

Protini ya TP53, wanaiita p53, ni kama mlinzi wa geti. DNA ikiharibika inawasha jeni nyingine za kusimamisha seli isigawanyike mpaka itengenezwe, au ijiue. Sasa angalia: herufi moja imebadilika kwenye jeni moja, lakini mlinzi akilala, jeni kibao zilizokuwa zinasubiri amri yake hazipandi tena. Kosa la herufi linageuka kuwa kosa la sauti ya redio, kwa lugha ya Mwalimu.

#10 Nesi Mstaafu

Wanangu hamjambo. Nimefanya kazi wodini miaka 31, na naona mnakipita kitu kilicho mbele ya macho: kirusi.

Huko Taiwan walifuatilia wanaume 22,707 miaka ya sabini, majibu yakatoka 1981. Wenye virusi vya B walikuwa na hatari ya kupata kansa ya ini mara 223 zaidi ya wasio navyo. Sijawahi kuona namba kama hiyo kwenye ugonjwa mwingine. Na Shanghai walipima wanaume waliokula sumukuvu na wenye virusi. Sumukuvu peke yake, hatari mara 3 na kitu. Virusi peke yake, mara 7 na kitu. Vyote viwili kwa mtu mmoja, mara 59. Mkulima na mimi tunashtaki washirika wa wizi mmoja.

Kirusi hiki hakiishi tu ndani ya seli. Kinachomeka vipande vya DNA yake katikati ya DNA yako. Na mahali kinapopenda kuchomeka ni jirani na jeni ya TERT, inayotengeneza telomerasi. Seli ya kawaida ya ini ina idadi ya kugawanyika, ncha za kromosomu, yaani nyuzi za DNA, zinalika kidogo kidogo kama kamba ya kiatu inavyofumuka. Telomerasi inazishona upya. Kwa mtu mzima TERT imezimwa kwenye ini. Kirusi kikichomeka hapo, TERT inawaka, na seli inapata ruhusa ya kugawanyika bila kikomo.

Chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto wetu Tanzania mwaka 2002. Wenye umri wa wazee wa mleta mada hawakuwahi kuiona.

#11 Fundi Maabara

Shikamoo mama. Nyongeza kidogo: TERT inawaka hata bila kirusi kuchomeka hapo. Kwenye takriban asilimia 60 ya kansa za ini kuna herufi iliyobadilika mbele ya jeni hiyo, pale inapopandishiwa sauti. Protini yenyewe haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kiasi chake.

#12 Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Sawa.

#13 Msafiri wa Kondoa

Nawashukuru wote, nimejifunza mengi usiku huu kuliko miezi saba ya korido. Lakini naomba turudi #1. Wazee wote wawili walikuwa na kirusi. Wote walikula ghala moja. Mmoja kivimbe kikubwa kikatulia, mwingine kidogo kikaruka. Hayo ya #6 mpaka #11 yananieleza kwa nini walipata kansa. Hayanielezi kwa nini ya mmoja ilikimbia.

#14 Dokta wa Zamu

Pole ndugu. Mimi ni daktari, niko masomoni kwa ubingwa. Swali lako ni lilelile lililowatuma watafiti wa Marekani na wa Shanghai kufanya kazi waliyoichapisha mwaka 2003. Walichukua kansa za ini za watu wenye virusi vya B, kama wazee wako, wakalinganisha zilizosambaa na zisizosambaa, wakipima sauti ya maelfu ya jeni kwa pamoja.

Walitegemea, kama tulivyofundishwa wengi, kwamba kivimbe kinaanza kikiwa kitulivu, kinakua, halafu seli chache ndani yake zinajifunza kusafiri. Hawakukuta hivyo. Kivimbe mama cha mgonjwa ambaye kansa yake imesambaa kilifanana sana na watoto wake waliosambaa, kwa jeni zilizowaka na zilizozimwa. Tabia ya kusafiri ilikuwepo tangu nyumbani. Na hili ndilo lako, Msafiri: alama hiyo ya jeni haikutegemea ukubwa wa kivimbe. Jeni iliyoongoza orodha ni ya osteopontini, protini inayosaidia seli kushikilia njia na kupenya. Walipoizuia kwa kingamwili kwenye panya, kusambaa mapafuni kulipungua.

Kwa hiyo kivimbe cha baba mdogo cha sentimita 3 huenda kilizaliwa msafiri.

#15 Ngosha Mtulivu

"Kilizaliwa msafiri." Dokta, hiyo sentensi imenikalisha chini.

#16 Mwalimu Baiolojia

Dokta, kwa heshima zote, usiishie 2003. Kuna ile ya 2008 ya Hoshida na wenzake, na inasema kinyume.

Walichukua sampuli za wagonjwa 307, nyingine zimehifadhiwa maabara ndani ya nta miaka hadi 24. Wakapima jeni za kivimbe chenyewe: hazikuwaambia nani ataishi muda mrefu. Wakapima ini la pembeni, lile lisilo na kansa: hapo ndipo jibu lilipotoka. Wagonjwa 82 wa Japani walitumika kutengeneza kipimo, halafu wengine 225 wa Marekani na Ulaya wakakithibitisha.

Mimi ni mtoto wa mkulima, nasema hivi: tunakodolea macho mbegu, kumbe tuangalie shamba. Ini lenye makovu na lililovimba kwa miaka mingi linapiga kelele za jeni zake saa zote, na kelele hizo zinalisha mbegu yoyote itakayoanguka. Baba mkubwa huenda ini lake la pembeni lilikuwa bado laini. Msafiri, uliwahi kusikia neno "makovu" au "ini limesinyaa" kwenye ripoti ya nani?

#17 Dokta wa Zamu

Mwalimu, sikatai. Ila hiyo ya 2008 ilifungana zaidi na kansa kurudi baadaye sana baada ya upasuaji, yaani vivimbe vipya kuota kwenye ini bovu. Baba mdogo hakufanyiwa upasuaji. Ya kwake ilitoka mapema, nje ya ini. Hayo ni maswali mawili, na mbegu ina sauti kubwa zaidi kwenye swali la pili.

#18 Mwalimu Baiolojia

Mbegu haisafiri bila upepo. Seli za makovu zinatoa TGF-beta, protini ya kupeleka ujumbe kwa seli nyingine, na TGF-beta ndiyo inayoiambia seli ya kansa ijiachie. Shamba tena.

#19 Msafiri wa Kondoa

Ya baba mdogo iliandikwa makovu, ndiyo. Ya baba mkubwa sikumbuki. Nitatafuta karatasi.

#20 Fundi Maabara

Nisogee kwenye hilo la kujiachia, kwa sababu naliona kwa macho yangu kazini.

Seli za ini zilizo nzima zimepangana mistari, zimeshikana bega kwa bega. Kinachozishikanisha ni pamoja na protini inayoitwa E-kadherini, gundi ya seli. Kwenye vivimbe vingine ukipaka rangi ya gundi hiyo unaona mstari wa kahawia unazunguka kila seli kama uzio wa makuti. Kwenye vingine mstari umekatika katika, na pembeni mwa kivimbe kuna seli mbili tatu zimejitenga, zimerefuka, zimechongoka, hazifanani tena na ini. Jeni za Snail na Twist zikipanda, gundi inashuka. Seli ileile, DNA ileile kwa kiasi kikubwa, imebadilisha tu nini inasoma.

Na kuna kipande kidogo cha RNA kinachoitwa maikroRNA 122. Kazi yake ni kushusha sauti za jeni nyingine, na kwenye ini zima ndicho kingi kuliko maikroRNA nyingine zote zikijumlishwa. Kwenye kansa za ini zenye mwelekeo mbaya mara nyingi kimepungua. Ini limesahau kuwa ini. Nikiona slaidi ya namna hiyo huwa sihitaji kuuliza mgonjwa anaendeleaje.

#21 Pwani Mchangani

Mimi siyo mtaalamu, nina yangu. Nilikuwa nimeshafunga begi niende Uarabuni kikazi. Kipimo cha afya ya safari kikarudi na homa ya ini B, muhuri wa "hafai", basi. Hakuna aliyenieleza ni nini. Nililia kwa sababu ya kazi, siyo kwa sababu ya ini.

Dada mmoja nesi ndiye aliyenivuta kliniki. Sasa mwaka wa saba natumia tenofovir, kidonge kimoja kila siku, na kila miezi sita napigwa utrasaundi na AFP. Swali langu kwa Fundi: kama kirusi kimeshachomeka DNA yake kwangu, dawa inasaidia nini? Na AFP yangu ikiwa nzuri nilale?

#22 Dokta wa Zamu

Hongera dada kwa miaka saba, endelea hivyo hivyo. Dawa haing'oi vipande vilivyokwisha kuchomekwa. Inanyima kirusi nafasi ya kuzaliana, hivyo uchomekaji mpya unapungua, kuvimba kwa ini kunapungua, makovu yanapungua, na hatari ya kansa inashuka kweli ingawa haifiki sifuri. Usiache kidonge bila daktari, kirusi kinaweza kuamka kwa nguvu.

AFP nzuri pekee isikulaze. Kansa za ini nyingi, karibu theluthi, hazipandishi AFP. Ndiyo maana utrasaundi ipo.

#23 Msafiri wa Kondoa

Hiyo ya AFP inanigusa. Ya baba mdogo ilikuwa juu ya 4,000. Ya baba mkubwa haikuwahi kupita 15, hata kivimbe kikiwa sentimita 9.

#24 Fundi Maabara

Mkuu, ungeanza na hilo! Kansa za ini zinagawanyika kwa jeni zilizowaka, na mgawanyo unajitokeza tafiti baada ya tafiti. Kuna kundi linalofanana na ini la mtoto aliye tumboni: AFP juu, MYC juu, seli hazijakomaa, zinakimbia. Kuna kundi jingine linalofanana bado na ini la mtu mzima, linafanya hata kazi za ini kama kutengeneza nyongo, na humo mara nyingi unakuta jeni ya beta-katenini imebadilika. Hizo mara nyingi zinakua kubwa na mwendo wao ni wa taratibu. Kwa AFP hizo mbili peke yake ningeweka dau kwamba wazee wako walikuwa na magonjwa mawili yenye jina moja.

#25 Mzee wa Kahawa

Wajukuu zangu, mbona wote wagonjwa mnaowataja ni wanaume? Mama zetu hawali ghala lilelile?

#26 Mwalimu Baiolojia

Mzee, swali la dhahabu. Wanaume wanapata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake. Pombe na sigara zinaeleza sehemu, siyo yote. Mwaka 2012 watafiti waliwaondolea panya jeni mbili, Foxa1 na Foxa2, zinazosaidia homoni za kiume na za kike kuwasha na kuzima jeni za ini. Mambo yakageuka: madume wakawa na nafuu, majike wakapata vivimbe zaidi. Yaani jeni zilezile mbili zikishirikiana na homoni ya kike zinalinda ini, zikishirikiana na ya kiume zinasukuma kansa.

#27 Mzee wa Kahawa

Na kahawa yangu ya Bukoba?

#28 Nesi Mstaafu

Kunywa mzee wangu. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilipitia tafiti, likaona wanywaji wa kahawa wanapata kansa ya ini kidogo kuliko wasiokunywa. Ila umepima homa ya ini B? Usinijibu kwa kahawa, nakujua.

#29 Mzee wa Kahawa

Nimeshikwa. Nitaenda Alhamisi.

#30 Shemeji wa Mtwara

Naomba nipinge wote. Mimi nilikuwa fundi wa mionzi. Jeni zina mchango, sawa, lakini mnasahau mahali. Ini lina mishipa ya kila upande. Kivimbe cha sentimita 9 kikiota pembezoni, kina ganda lake, kinakaa. Cha sentimita 3 kikiota kimeegemea mshipa unaotoa damu kwenye ini kwenda moyoni, seli zikivuja kidogo tu zinafika moyoni, na kutoka moyoni kituo kinachofuata ni mapafu. Huhitaji osteopontini. Unahitaji bahati mbaya ya sentimita moja.

Na jambo la pili: mnajuaje cha baba mdogo kilianza lini? Picha ya kifua ya kwanza ilipigwa lini? Huenda vidoa vilikuwepo siku ileile mliyoshangilia sentimita 3, hakuna aliyeangalia.

#31 Msafiri wa Kondoa

Shemeji umenichoma, lakini ni kweli. Kifua hakikupigwa picha mwanzoni. Kilipigwa mwezi wa pili, alipoanza kukohoa.

#32 Fundi Maabara

Shemeji, mahali ni hoja nzito, ila seli kuvuja na seli kuishi ugenini ni vitu viwili. Ikifika mapafuni lazima ijitafutie damu. Inapandisha jeni ya VEGF inayoita mishipa mipya. Zinazovuja ni nyingi, zinazoota ni chache, na hapo tunarudi kwenye jeni.

#33 Shemeji wa Mtwara

Zikivuja nyingi zaidi, chache zitakazoota zitaongezeka. Hesabu rahisi. Sihami.

#34 Bint Makueni

Mimi naomba kuuliza: kama jeni zinasema nani kansa yake itakimbia, kwa nini wagonjwa wetu hawapimwi hivyo?

#35 Dokta wa Zamu

Kwa sababu bado haibadilishi matibabu ya kila siku, hata huko Ulaya. Tunaamua kwa idadi ya vivimbe, ukubwa, mishipa imeingiliwa au la, ini lililobaki lina nguvu kiasi gani, na mgonjwa mwenyewe anajimudu vipi. Kansa ya ini haina kitu kama jeni moja unayoipima asubuhi ukaandika dawa yake jioni. TERT na TP53, zinazobadilika mara nyingi zaidi, hazina dawa iliyozoeleka ya kuzilenga.

Dawa zipo. Sorafenib ilikuwa ya kwanza kuonyesha faida, mwaka 2008: nusu ya wagonjwa walivuka miezi 10.7 badala ya 7.9. Mwaka 2020 ikapitwa na mchanganyiko wa atezolizumab na bevacizumab. Hiyo bevacizumab inazuia VEGF aliyoitaja Fundi. Kwa familia nyingi za kwetu bei yake haishikiki, na nasema hivi nikiwa nimewahi kukaa na mgonjwa nikamwandikia dawa ambayo wote wawili tulijua hatainunua.

#36 Msafiri wa Kondoa

Wakuu, narudi na mrejesho. Nimepata karatasi zote mbili kwa baba mkubwa.

Mwalimu: ya baba mkubwa imeandikwa "ini la pembeni lina makovu kidogo". Ya baba mdogo "makovu mengi". Shamba lako hilo. Dokta: ya baba mkubwa "seli zimekomaa vizuri". Ya baba mdogo "hazijakomaa". Mbegu yako hiyo. Shemeji: CT ya baba mdogo inasema kivimbe kiko jirani na mshipa, haisemi kimegusa. Kila mmoja wenu amepata karatasi yake.

Tumepima watoto wote wa wazee watatu, yaani baba yangu na hao ndugu zake wawili. Tuko 14. Wawili wana kirusi, wameanza kliniki. Waliobaki tumeanza chanjo.

#37 Nesi Mstaafu

Mmefanya vyema sana wanangu. Wake wa hao wawili na watoto wao nao wapimwe.

#38 Fundi Maabara

Mkuu, kile kinyama cha baba mdogo kilichukuliwa kwa sindano, siyo? Kwa hiyo kwenye nta kuna kivimbe tu, wakati cha baba mkubwa kilikatwa pamoja na ini la pembeni.

#39 Mwalimu Baiolojia

Basi kwa baba mdogo shamba halipo. Hata kipimo cha jeni kikipatikana kesho hatutaweza kulinganisha.

#40 Fundi Maabara

Huenda lipo. Kwenye ini mchoma sindano kwa kawaida anapita kwanza kwenye sehemu nzima ndipo aingie kwenye kivimbe, ili kivimbe kisivujie nje. Uzi unaotoka unaweza kuwa na milimita chache za ini la pembeni kwenye ncha moja. Msafiri, waulize maabara kama kipande cha nta bado wanacho, na kama slaidi ina ncha isiyo na kansa.

#41 Msafiri wa Kondoa

Nitaenda Jumatatu asubuhi.